Robert Louis Stevenson

Robert Louis Stevenson (Edinburgh, Uskoti, 13 Novemba 1850 – Vailima, Samoa, 3 Desemba 1894) alikuwa mwandishi wa riwaya, insha, mashairi na habari za safari. Anajulikana hasa kwa riwaya zake Treasure Island (1883), Kidnapped (1886) na Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde (1886).

Alisumbuliwa na ugonjwa wa mapafu karibu maisha yake yote. Safari alizozianza kwa ajili ya mapumziko na kutafuta afya zilimfikisha hadi visiwa vya Pasifiki. Huko hakubaki mtalii, bali aliwatetea wenyeji dhidi ya madola yaliyogombania nchi yao.

Familia na utoto

Alikuwa mtoto pekee wa Thomas Stevenson na Margaret Balfour. Ukoo wa baba ulikuwa wa wahandisi wa minara ya taa. Babu yake, Robert Stevenson, aliongoza ujenzi wa mnara wa Bell Rock, uliosimama juu ya mwamba unaofunikwa na bahari maji yanapojaa. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uskoti, lenye mapokeo ya Kikalvini.

Utotoni alilazwa mara nyingi kwa kikohozi na homa. Yaya wake, Alison Cunningham, alimsomea Biblia na habari za Waprotestanti wa Uskoti walioteswa kwa ajili ya imani. Andiko lake la kwanza kuchapishwa, mwaka 1866, lilihusu uasi wa Waprotestanti hao wa mwaka 1666. Baba yake ndiye aliyelipia uchapishaji.

Uhandisi na kuzamia baharini

Mwaka 1867 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh ili asomee uhandisi kama baba yake. Mwaka uliofuata alipelekwa Wick, kaskazini mwa Uskoti, ambako kampuni ya familia ilikuwa inajenga ukuta wa kuzuia mawimbi bandarini.

Huko, akiwa na umri wa miaka 17, alipata nafasi ya kushuka chini ya bahari pamoja na mzamiaji wa kazi hiyo. Alivalishwa nguo za sufu, vazi zito lisilopitisha maji, viatu vyenye uzito na kofia ya chuma, huku watu waliokuwa juu wakimsukumia hewa kwa pampu. Alipofika chini alishangaa kuona mwili umekuwa mwepesi kiasi cha kuweza kuruka juu ya jiwe refu kwa nguvu ndogo tu. Alisimulia jambo hilo miaka 20 baadaye katika insha, akilihesabu kati ya mambo mazuri zaidi aliyoyapata katika masomo ya uhandisi. Ukuta wenyewe haukudumu: dhoruba ziliuvunja na kazi ikaachwa.

Mwaka 1870 alikaa majuma kadhaa katika kisiwa kidogo cha Earraid, kilichokuwa kambi ya wajenzi wa mnara wa Dhu Heartach. Kisiwa hicho kinaonekana katika Kidnapped. Katika hadithi yake The Merry Men, kijana anazamia karibu na kisiwa cha namna hiyo akitafuta hazina ya merikebu ya Hispania, lakini anaibuka na mfupa wa binadamu.

Mwaka 1871 alimwambia baba yake kwamba hataki kuwa mhandisi bali mwandishi. Walikubaliana asome sheria kwanza. Alihitimu kuwa wakili mwaka 1875, lakini kazi hiyo hakuifanya kwa kweli.

Imani

Mwaka 1873 aliwakiri wazazi wake kwamba ameacha imani waliyomlea nayo. Baba yake aliumia sana, na nyumba ikawa na huzuni kwa muda mrefu, ingawa uhusiano wao haukuvunjika. Hata hivyo lugha ya Biblia na maswali juu ya dhambi na dhamiri vilibaki katika maandishi yake. Miaka ya mwisho, huko Samoa, aliongoza sala za pamoja za nyumba yake na kutunga sala kwa ajili hiyo.

Safari za Ulaya na Marekani

Mwaka 1876 alisafiri na rafiki yake kwa mitumbwi katika mito na mifereji ya Ubelgiji na Ufaransa. Safari hiyo ilizaa kitabu chake cha kwanza, An Inland Voyage (1878). Mwaka 1878 alitembea siku 12 katika milima ya Cévennes, Ufaransa, akiwa na punda jike aliyeitwa Modestine. Njiani alilala katika monasteri ya Wakatoliki, kisha akapita vijiji vya Waprotestanti waliowahi kupigana na mfalme kwa ajili ya dini yao. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilitoka mwaka 1879.

Mwaka huohuo alivuka Atlantiki na bara la Amerika pamoja na wahamiaji maskini, akimfuata Fanny Osbourne, mwanamke Mmarekani aliyempenda. Alifika California akiwa mgonjwa sana. Walifunga ndoa mwaka 1880.

Mwaka 1881, wakiwa mapumzikoni Uskoti, alichora ramani ya kisiwa pamoja na Lloyd, mtoto wa Fanny. Kutokana na ramani hiyo akaandika Treasure Island.

Visiwa vya Pasifiki

Baba yake alifariki mwaka 1887. Mwezi Juni 1888 Stevenson na jamaa zake waliondoka San Francisco kwa jahazi la kukodi lililoitwa Casco, wakapita visiwa vya Marquesas, Tuamotu, Tahiti hadi Hawaii. Mwaka 1889 alikaa juma moja hivi katika makazi ya wagonjwa wa ukoma kisiwani Molokai, muda mfupi baada ya kifo cha padri Damiano aliyewahudumia. Mchungaji mmoja wa Hawaii alipomchafulia Damiano jina, Stevenson, ingawa hakuwa Mkatoliki, alimtetea kwa barua kali ya wazi mwaka 1890.

Mwaka huo alinunua shamba la Vailima, karibu na Apia, Samoa. Wasamoa walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Hadithi yake ya chupa yenye pepo ilitolewa kwa Kisamoa mwaka 1891 katika gazeti la wamisionari. Riwaya fupi The Ebb-Tide (1894), aliyoandika na Lloyd, inahusu kisiwa cha wazamiaji wa lulu kinachotawaliwa na Mwingereza mshika dini aliye mkatili.

Wakati huo Ujerumani, Uingereza na Marekani zilikuwa zinaingilia utawala wa Samoa. Stevenson aliwalaumu maofisa wao katika magazeti na katika kitabu A Footnote to History (1892), hata akawa hatarini kufukuzwa nchini. Vita vilipomshinda chifu Mataafa mwaka 1893, wafuasi wake walifungwa, na Stevenson aliwasaidia gerezani. Walipofunguliwa mwaka 1894 walimlimia barabara ya kwenda nyumbani kwake kama shukrani.

Kifo

Alifariki ghafla tarehe 3 Desemba 1894 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 44. Riwaya yake Weir of Hermiston ilibaki bila kumalizika. Wasamoa walikata njia mlimani usiku, wakabeba jeneza lake mabegani hadi karibu na kilele cha mlima Vaea, alipozikwa. Nyumba yake ya Vailima sasa ni makumbusho.

Kwa Kiswahili

Treasure Island ilitafsiriwa kwa Kiswahili wakati wa ukoloni wa Kiingereza kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Kazi hiyo iliongozwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930. Ni mojawapo ya riwaya za kwanza za Ulaya kusomwa kwa Kiswahili katika shule za Afrika Mashariki.