Gosset: Mpima shayiri aliyezifundisha maabara kujikagua

KARATASI inayotoka maabara inaweza kuamua bei ya mavuno ya msimu mzima. Namba moja ya unyevu au ya sumukuvu inatosha kurudisha lori la mahindi lilikotoka, mfanyabiashara akabaki na hasara ya mzigo na ya nauli.

Lakini je, namba hiyo ingekuwa ileile kama mahindi hayo yangepimwa tena kesho, au yangepelekwa maabara nyingine?

Swali la namna hiyo ndilo lililomshughulisha kwa zaidi ya miaka 30 mtaalamu wa bia kutoka Uingereza, William Sealy Gosset. Wanatakwimu wanamfahamu zaidi kwa jina la bandia la Student, yaani Mwanafunzi. Hesabu alizozianzisha kwa ajili ya shayiri, kimea na hamira sasa ni sehemu ya mafunzo ya watu wanaopima chakula, maji, udongo na dawa.

Macho yamnyima jeshi

Gosset alizaliwa Juni 13, 1876 katika mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza wa Kanali Frederic Gosset. Alitaka kuingia kikosi cha wahandisi wa jeshi kama baba yake, lakini alikataliwa kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu.

Badala yake alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford na kufaulu masomo yote mawili kwa daraja la kwanza. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland.

Kiwanda hicho kilichoanzishwa mwaka 1759 kilikuwa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya bia duniani. Uongozi wake ulikuwa umeanza kuajiri vijana wa sayansi, kwani kwa biashara kubwa kiasi hicho, kosa dogo katika kuchagua shayiri au kimea lilikuwa na gharama kubwa.

Shida ya vipimo vichache

Vijana hao walikuta vitabu vya kiwanda vimejaa namba zisizolingana. Sampuli mbili za kimea kilekile zilitoa majibu tofauti, na mbegu moja ya shayiri ilizaa vizuri shamba hili ikaanguka shamba la pili. Haikujulikana ni tofauti ipi iliyokuwa ya kweli na ipi iliyotokana na bahati tu.

Wataalamu wa takwimu wa wakati huo walikuwa na jibu moja: pima mara nyingi sana. Kiwandani hilo halikuwezekana. Kila kipimo kilikula muda na fedha, na majaribio ya shambani yalisubiri msimu. Gosset alikuwa na vipimo vinne, sita au kumi, na uamuzi ulitakiwa ufanyike.

Mwaka 1904 aliwaandikia wakubwa wake ripoti juu ya namna ya kutumia hesabu za makosa katika kazi za kiwanda. Mwaka uliofuata alipanda baiskeli kwenda kumwona Karl Pearson, bingwa wa takwimu Uingereza, aliyekuwa mapumzikoni kijijini. Kiwanda kilimruhusu kwenda London mwaka 1906 kufanya kazi karibu na Pearson. Mwaka huohuo alikuwa amemwoa Marjory Surtees Phillpotts.

Kazi yake ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1907, ilihusu kuhesabu chembe za hamira kwa hadubini. Hamira ikizidi au ikipungua bia huharibika, na anayehesabu huona tone dogo tu la pipa zima. Gosset alionyesha jinsi ya kukadiria kosa linaloletwa na tone hilo.

Kadi 3,000

Mwaka 1908 alitoa makala iliyompa umaarufu, katika jarida la Biometrika. Alichukua vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wafungwa 3,000, ambavyo vilikuwa vimechapishwa na mtu mwingine. Aliviandika kwenye kadi, akazichanganya, kisha akazigawa katika mafungu 750 ya kadi nne nne.

Kwa kila fungu alitafuta wastani na kulinganisha na wastani wa kadi zote. Kwa njia hiyo aliweza kuona kwa macho ni mara ngapi vipimo vinne humdanganya mpimaji, na kwa kiasi gani, akalinganisha na hesabu alizokuwa amezikokotoa.

Jibu lake ni kwamba vipimo vichache vinaweza kutumika, ila shaka iongezwe kadiri vinavyopungua. Aliandaa jedwali la kumwonyesha mpimaji aongeze shaka kiasi gani.

Chukua mfano wa mkulima aliyepima unyevu wa mahindi kutoka magunia manne akapata asilimia 13.1, 13.9, 12.8 na 14.2. Wastani ni 13.5, ambacho ndicho kikomo katika kiwango cha Afrika Mashariki. Kwa hesabu ya zamani, inayofaa vipimo vingi, angeambiwa kuwa unyevu halisi uko kati ya 12.9 na 14.1. Kwa jedwali lililotokana na kazi ya Gosset, kwa uhakika wa asilimia 95, uko kati ya 12.5 na 14.5. Mkulima huyo hajajua bado kama mzigo wake umekauka, na heri alijue hilo kabla ya kupakia.

Makala hiyo haikubeba jina lake. Kiwanda kiliogopa siri za biashara kuwafikia washindani, hivyo kilimruhusu kuchapisha kwa sharti la kujificha. Akaandika kwa jina la Student hadi mwisho wa maisha yake, na nje ya duru za wanatakwimu ni wachache waliojua kuwa Mwanafunzi huyo alikuwa mpishi wa bia mjini Dublin.

Kwa miaka mingi makala hiyo haikutiliwa maanani. Aliyeiona thamani yake ni kijana Ronald Fisher, aliyeanza kuandikiana na Gosset mwaka 1912. Fisher alitoa uthibitisho wa kihisabati uliokosekana, na kitabu chake cha mwaka 1925 kikaisambaza njia hiyo kwa watafiti wa kilimo. Baadaye wawili hao walibishana vikali juu ya mpangilio wa vitalu vya majaribio, lakini hawakuvunja urafiki.

Wakulima walikuwa sahihi

Gosset hakukaa ofisini. Alifuatilia majaribio ya shayiri yaliyofanywa katika mashamba ya wakulima sehemu mbalimbali za Ireland, kwani aliamini kuwa mbegu inayoshinda kwenye shamba moja la mfano haijathibitishwa. Ni lazima ijaribiwe kwenye udongo na hali za hewa za watakaoipanda.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo. Mbegu bora ya Spratt-Archer ilisambazwa Ireland na kusifiwa, lakini wakulima wa wilaya moja waliikataa wakisema shayiri yao ya asili ni bora zaidi. Maofisa wa kilimo walidhani ni ukaidi. Walipoipanda mbegu hiyo ya asili katika eneo lile na kuilinganisha na ile mpya, waligundua kuwa wakulima walikuwa sahihi kabisa. Shayiri yao ilichipua haraka na kuyafunika magugu yaliyojaa wilayani humo, ilhali Spratt-Archer ilianza polepole ikazidiwa.

Mwaka 1931 alikosoa jaribio kubwa la maziwa lililofanyika Lanarkshire, Scotland, mwaka uliotangulia. Wanafunzi wapatao 20,000 walihusishwa, nusu wakapewa maziwa kila siku ya shule kwa miezi minne. Tatizo ni kwamba walimu waliruhusiwa kurekebisha makundi, na huenda kwa huruma waliwaweka watoto dhaifu zaidi upande wa maziwa. Mwanzoni watoto wa maziwa walikuwa wepesi na wafupi kuliko wenzao, hivyo ulinganisho ukavurugika. Gosset alisema jozi 50 za mapacha wanaofanana zingetoa jibu la kuaminika zaidi kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Maabara hujidanganya

Kazi inayowagusa zaidi wapimaji wa leo aliitoa mwaka 1927, juu ya makosa ya vipimo vya kila siku vya maabara. Alionyesha kuwa vipimo vinavyofuatana, vilivyofanywa siku moja, hukubaliana kuliko vile vya siku tofauti.

Sababu yake ni rahisi. Siku hiyo joto ni lile lile, dawa ni ya chupa ile ile na mkono ni wa mtu yule yule. Kama dawa imeharibika, vipimo vyote vitapotoka pamoja na bado vitafanana. Kwa hiyo anayerudia kipimo mara tatu asubuhi moja na kupata jibu moja hajathibitisha kuwa jibu ni sahihi.

Mwaka 1934 Gosset aliumia mguu katika ajali ya gari. Mwaka 1935 alihamia London kusimamia uzalishaji katika kiwanda kipya cha Guinness cha Park Royal. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Oktoba 16, 1937 akiwa na umri wa miaka 61, miezi michache baada ya kupewa cheo cha mkuu wa wapishi wote wa kampuni. Jarida la Biometrika likaendelea kuhusishwa na jina la Student, na jedwali lake likabaki nalo hadi leo.

Mtihani wa maabara

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1947, ilichapishwa Marekani taarifa ya uchunguzi uliopeleka sampuli zilezile kwa maabara za hospitali za Pennsylvania. Majibu yalitofautiana kwa kiasi cha kutisha. Kutokana na juhudi za aina hiyo, maabara kupewa mtihani ukawa utaratibu wa kawaida.

Mtihani huo huendeshwa hivi. Msimamizi huchanganya unga au maji vizuri, huyagawa katika chupa na kuzipeleka kwa maabara nyingi bila kutaja jibu. Kila maabara hupima na kurudisha namba yake. Tofauti kati ya namba hiyo na ile iliyokubaliwa hugawanywa kwa kiwango cha mtawanyiko kinachotarajiwa. Alama isiyozidi 2 inaridhisha, kati ya 2 na 3 ni onyo, na kuanzia 3 haikubaliki.

Kwa mfano, kama jibu lililokubaliwa la sumukuvu ni sehemu 10 kwa bilioni na mtawanyiko ni 2, maabara iliyoandika 13 inapata 1.5, imefaulu. Iliyoandika 17 inapata 3.5, na inatakiwa kutafuta kosa lake. Hesabu za mitihani hiyo zina kiwango chake cha kimataifa, ISO 13528, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito. Machi 2021 Kenya ilisitisha kwa siku chache uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mipakani. Kikomo cha kanda ni sehemu 10 kwa bilioni, na punje chache zilizooza ndani ya gunia zinaweza kubeba karibu sumu yote. Kiganja kimoja cha mahindi kinaweza kuonyesha mzigo ni safi wakati si safi, au kinyume chake.

Mkulima au mfanyabiashara hahitaji kujua hesabu zote za Gosset ili anufaike nazo. Achukue punje kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, azichanganye ndipo apeleke sampuli. Aiulize maabara kama hushiriki mitihani ya kulinganishwa na wenzake, na matokeo ya mwisho yalikuwaje. Akiwa na mashaka na jibu, aombe kipimo kirudiwe siku nyingine au maabara nyingine, badala ya kurudiwa papo hapo.