CESARE BECCARIA, MTU ALIYEIWEKEA ADHABU MPAKA

Katika nchi zote za dunia serikali huwaadhibu wahalifu, na watu huona kuwa ni jambo la kawaida. Lakini serikali ilipata wapi haki ya kumfunga mtu, au ya kumwua? Na haki hiyo ina mpaka au haina? Zaidi ya miaka 250 iliyopita kijana mmoja wa Italia alijiuliza maswali hayo, akayajibu katika kitabu kidogo ambacho wafalme walikisoma wakabadili sheria zao. Jina lake ni Cesare Beccaria, na habari zake zafaa kujulikana na kila mwanafunzi.

Beccaria alizaliwa tarehe 15 Machi, 1738, katika mji wa Milano, kaskazini ya Italia. Siku zile Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika vipande vipande, na Milano ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Baba yake alikuwa mtu wa ukoo bora, mwenye cheo cha kurithi. Mtoto alipelekwa Parma katika shule ya bweni ya mapadre Wajesuti, lakini hakuyapenda malezi ya huko. Alichokipenda ni hesabu, hata wenzake wakampa jina la Newtoncino, yaani Newton mdogo, kwa kumfananisha na yule mtaalamu mkuu wa Uingereza. Baadaye aliingia chuo kikuu cha Pavia, akahitimu masomo ya sheria mwaka 1758.

Miaka miwili baadaye yalimpata mambo yaliyomfundisha kuliko chuo. Alitaka kumwoa Teresa Blasco, binti wa miaka 16. Baba yake akakataa kabisa, kwa kuwa ukoo wa binti haukulingana na wao kwa mali wala kwa cheo. Kijana aliposhikilia neno lake, baba alihakikisha kwamba mwanawe anazuiliwa nyumbani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Cesare hakuwa ameiba wala hakuwa amempiga mtu. Alikuwa amemkasirisha mwenye nguvu tu. Hata hivyo mwaka 1761 alimwoa Teresa, wakaishi kwa shida ya fedha mpaka baba aliposamehe.

Wakati huo Beccaria alikuwa na marafiki wawili ndugu, Pietro na Alessandro Verri. Pamoja na vijana wengine walianzisha chama kidogo cha kusoma na kubishana, wakakiita Chuo cha Ngumi kwa mzaha, maana mabishano yao yalikuwa makali. Alessandro alikuwa na kazi ya serikali ya kuwaangalia wafungwa wa Milano, na kutoka kwake Beccaria alipata habari za mambo yaliyotendeka ndani ya magereza.

Mambo hayo yalikuwa ya kutisha. Katika nchi nyingi za Ulaya hakimu aliruhusiwa na sheria kumtesa mshitakiwa mpaka akiri. Mtu alifungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba mpaka mabega yakateguka. Wengine walishitakiwa kwa siri, wasijue nani aliyewachongea. Adhabu ya kifo ilitolewa hata kwa wizi, na mtu wa cheo hakuadhibiwa sawa na mtu maskini.

Watu wa Milano walikuwa na ukumbusho wa mambo hayo mjini mwao. Mwaka 1630 tauni iliwaua watu wengi sana, na watu wakaamini kwamba kuna wabaya wanaopaka kuta dawa ya kueneza ugonjwa. Guglielmo Piazza, mtumishi wa idara ya afya, alionekana akipita karibu na kuta, akakamatwa. Aliteswa mpaka akamtaja kinyozi mmoja, Gian Giacomo Mora. Kinyozi naye aliteswa mpaka akakiri jambo ambalo hakulitenda, wala halikuwezekana kutendwa. Wote wawili waliuawa kwa ukatili, nyumba ya Mora ikabomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya kuwaaibisha milele. Nguzo hiyo ilikuwa bado imesimama Beccaria alipokuwa kijana. Haikubomolewa mpaka mwaka 1778.

Pietro Verri alimhimiza rafiki yake aandike juu ya mambo ya adhabu. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu Beccaria alikuwa mvivu wa kuandika, mwenye haya, na mwepesi wa kukata tamaa. Aliandika kidogo kidogo katika vipande vya karatasi, na Pietro akavikusanya na kuvinakili. Bandu bandu huisha gogo: mwaka 1764 kitabu kilichapishwa katika mji wa Livorno, nje ya Milano, bila jina la mwandishi, kwa kuwa aliogopa kushitakiwa. Kiliitwa Dei delitti e delle pene, maana yake Juu ya Makosa na Adhabu. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 26.

Fikira za kitabu hicho ni nyepesi kueleweka. Beccaria alisema kwamba watu walipoungana kukaa chini ya sheria, kila mmoja alitoa sehemu ndogo ya uhuru wake ili apate amani kwa sehemu iliyobaki. Vipande hivyo vidogo vikijumlishwa ndivyo vinavyofanya haki ya serikali ya kuadhibu. Basi adhabu yo yote inayozidi kiasi kinachohitajiwa kulinda amani ni uonevu, hata ikitolewa na mfalme mwenyewe.

Kutokana na shina hilo yalitoka matawi mengi. Adhabu lazima iwekwe na sheria iliyotangazwa mbele, tena kwa lugha ambayo watu wote wanaielewa. Anayetunga sheria asiwe ndiye anayehukumu. Hakimu asiongeze adhabu hata kidogo, ijapokuwa anafanya hivyo kwa nia njema. Mtu asihesabiwe kuwa na hatia kabla hajahukumiwa. Makosa makubwa na madogo yasiadhibiwe sawa, maana kama aliyeua ndege wa porini na aliyeua mtu wote wananyongwa, watu hawataona tofauti ya makosa hayo. Na mkubwa aadhibiwe kama mdogo.

Juu ya mateso alionyesha upumbavu wake kwa hesabu za akili. Mhalifu mwenye mwili wa nguvu atavumilia maumivu na kuachiliwa. Asiye na hatia lakini dhaifu atakiri na kufa. Basi mateso hupima mifupa ya mtu, hayapimi ukweli. Juu ya adhabu ya kifo alisema kwamba sheria inayochukia uuaji haiwezi kufundisha watu kwa kuua. Tena alieleza kwamba mwovu haogopi sana ukali wa adhabu. Huogopa zaidi akijua kwa hakika kwamba atakamatwa na kuadhibiwa upesi.

Sisi tunaokaa bwenini twaweza kulielewa jambo hilo. Kiranja akimpa mtu kazi ya kufagia leo, na kesho kwa kosa lile lile akampa mwingine kufyeka majani juma zima kwa sababu ameamka na hasira, hakuna anayejifunza kutii sheria. Watu hujifunza kuchungulia uso wa kiranja tu. Lakini sheria ikiwa imebandikwa ukutani na adhabu yake inajulikana, hata mwenye kuadhibiwa hunyamaza, kwa kuwa anajua hakuonewa.

Kitabu kilienea upesi. Mtawa mmoja, Ferdinando Facchinei, alikishambulia vikali mwaka 1765, na ndugu wale wawili wa Verri wakaandika majibu ya kumtetea mwenzao. Mwaka 1766 Kanisa Katoliki lilikiweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Lakini kilikuwa kimekwisha tafsiriwa kwa Kifaransa, na Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, akakiandikia maelezo ya kukisifu. Mwaka huo huo Beccaria aliitwa Paris, akapokewa kwa heshima kubwa. Lakini alimkumbuka sana mkewe, hakuzoea kusifiwa mbele za watu, na kabla ya miezi mitatu kwisha alirudi kwao. Safari hiyo iliharibu urafiki wake na ndugu wa Verri.

Malkia Catherine wa Urusi alimwalika aende kwake, naye hakwenda. Hata hivyo malkia alitumia maneno yake mengi katika maagizo ya kutengeneza sheria aliyoyatoa mwaka 1767. Sweden ilifuta mateso mwaka 1772, na Austria mwaka 1776. Katika Toscana, mtawala Leopold alifuta mateso na adhabu ya kifo pia tarehe 30 Novemba, 1786, ingawa adhabu ya kifo ilirudishwa kwa makosa fulani mwaka 1790. Na mwaka 1789 Wafaransa walipotangaza haki za binadamu, waliandika kwamba sheria isiweke adhabu ila zile zilizo za lazima kabisa.

Beccaria mwenyewe alibaki Milano. Alifundisha elimu ya uchumi, kisha tangu mwaka 1771 akawa mtumishi wa serikali, akishughulikia nafaka, fedha na vipimo. Hakuandika tena kitabu cha namna ile. Lakini mwaka 1792, alipokuwa katika kamati ya kutengeneza sheria za adhabu, alisimama tena na wenzake wachache kupinga adhabu ya kifo. Alikufa ghafula tarehe 28 Novemba, 1794, akazikwa katika makaburi ya watu wote. Mjukuu wake, Alessandro Manzoni, alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa Italia, naye akaandika kitabu juu ya kinyozi Mora na nguzo ile.

Si vema kumsifu mtu bila kutaja upungufu wake. Beccaria alikubali kwamba pengine, wakati wa fujo kubwa, serikali yaweza kumwua mtu anayehatarisha nchi. Na badala ya kifo alipendekeza kazi ngumu ya maisha, jambo ambalo wengi leo wataliona ni ukali mwingine. Lakini aliwaachia watu kipimo, na kwa kipimo hicho hicho twaweza kumpima hata yeye.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Beccaria hakuwa na nguvu ya mwili, wala ya jeshi, wala ushujaa mwingi. Lakini aliwafundisha watu kwamba mwenye nguvu kuliko wote, yaani serikali, naye ana mstari asioruhusiwa kuuvuka. Tukimwona mwizi amekamatwa sokoni na watu wanaokota mawe, tukumbuke kwamba hata yeye ana haki ya kusikilizwa na kupewa adhabu iliyoandikwa. Siku tutakapomnyima mwizi haki hiyo, tumemnyima pia kinyozi asiye na hatia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne