Harold Black: Mhandisi aliyesafisha sauti kwa kupunguza nguvu

JINA la Harold Stephen Black ni maarufu miongoni mwa wahandisi wa vyombo vya sauti kote ulimwenguni. Lakini wengi wanaostarehe kwa muziki usio na mikwaruzo hawajui kwamba usafi huo ulitokana na wazo lililomjia mtu ndani ya feri, akielekea kazini.

Black alizaliwa mnamo Aprili 14, 1898 mjini Leominster, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alihitimu uhandisi katika Worcester Polytechnic Institute mwaka wa 1921, akaajiriwa na kampuni ya Western Electric. Kuanzia 1925 alihudumu katika maabara za Bell.

Enzi hizo kampuni za simu zilikabiliwa na kitendawili. Sauti isafiripo kwa waya hufifia, hivyo ilibidi ikuzwe tena na tena njiani kwa amplifaya za vali za kioo. Kila amplifaya iliiongezea sauti nguvu, lakini pia iliipotosha kidogo. Dosari hizo zilirundikana hadi mazungumzo ya masafa marefu yakavurugika, hasa simu nyingi zilipopitishwa katika waya mmoja.

Wenzake walihangaika kuunda vali isiyo na kasoro. Black, baada ya kusikiliza hotuba ya mwanasayansi Charles Steinmetz mwaka wa 1923, alishika njia tofauti. Aliikubali amplifaya pamoja na ila zake, akatafuta jinsi ya kuzitenga ila hizo na kuzifuta. Mtambo wake wa kwanza ulifaulu, lakini ulihitaji kurekebishwa kila mara, usiku na mchana. Haukufaa kwa kazi.

Jibu lilipatikana asubuhi ya Agosti 2, 1927, alipokuwa akivuka Mto Hudson kuelekea Manhattan. Alichora mchoro na kuandika hesabu zake kwenye ukurasa wa gazeti la The New York Times, kisha akatia sahihi.

Alichobuni ni mrejesho hasi. Sehemu ya sauti inayotoka kwenye amplifaya hurudishwa mwanzo na kuondolewa katika ile inayoingia. Kosa lililozuka ndani hurudi likiwa limegeuzwa kinyume, likakuzwa na kwenda kujifuta lenyewe. Gharama yake ni nguvu. Amplifaya yenye uwezo wa kukuza mara 10,000 ikishushwa hadi mara 20, upotoshaji nao hupungua takriban mara 500.

Jaribio la Desemba 29, 1927 lilionyesha upotoshaji umepungua mara 100,000. Hata hivyo, wengi hawakusadiki. Kutupa nguvu iliyopatikana kwa taabu kulionekana kichekesho. Nchini Uingereza, ombi lake la hataza lilichukuliwa kama la mtu anayedai kuunda mashine inayojiendesha milele bila nishati. Nchini Marekani aliwasilisha ombi Agosti 1928, akasubiri zaidi ya miaka tisa hadi lilipokubaliwa Desemba 1937.

Shaka hiyo haikuwa bure. Mrejesho ukichelewa njiani huongeza kosa badala ya kulifuta, na amplifaya huanza kupiga mluzi yenyewe. Ni Harry Nyquist, mwenzake wa Bell, aliyeeleza kwa hesabu mwaka wa 1932 jinsi ya kutambua mapema hatari hiyo.

Transista ilipozaliwa katika maabara hizo hizo mnamo 1947, kanuni ya Black ilipata makao mapya. Katika amplifaya nyingi za transista, jozi ya transista za mwisho hupokezana kazi, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Pale zinapopokezana ndipo sauti hukwaruza, hasa ikiwa ya chini. Transista za mwanzo hulinganisha kinachotoka na kilichoingia, kisha husahihisha tofauti. Hadi leo, mwenye kusanifu amplifaya safi hupima mambo mawili: mrejesho wa kutosha kufuta dosari, lakini usiozidi hadi kuleta mluzi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Black alistaafu Bell mwaka wa 1963, na mnamo 1981 aliorodheshwa miongoni mwa wavumbuzi mashuhuri wa Marekani. Aliaga dunia Desemba 11, 1983 akiwa na umri wa miaka 85, wakati ambapo kanuni iliyokuwa imedhihakiwa ilikuwa ikifanya kazi katika simu, redio na santuri za mamilioni ya watu.