Gosse na bahari ya kioo

Mwalimu wa Diani au Msambweni anayetamani kufuga samaki wa baharini katika tangi la kioo darasani yafaa amjue Philip Henry Gosse. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1810, aliwahi kuwa mwalimu Alabama, Marekani. Mwaka wa 1853 alikusanya viumbe wa jumba la samaki la London, la kwanza kufunguliwa kwa umma. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilichoeneza hamu ya matangi hayo nchini kwao.

Aliamini kwamba mimea ndiyo huyatunza maji. Alifariki mwaka wa 1888, miaka 2 kabla ya Sergei Winogradsky kuthibitisha kuwa bakteria ndio wanaogeuza amonia, iliyo sumu, kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwa hiyo tangi jipya hutiwa chembe za chakula zioze, likasubiriwa wiki kadhaa hadi amonia na nitriti ziishe, ndipo samaki waingizwe. Wengi hukosa subira hiyo.

Hata hivyo, kilichomhuzunisha Gosse kilikuwa kingine. Wasomaji wake waliivamia miamba ya Devon kwa vikapu, wakaikomba. Vidimbwi vya Diani navyo, maji yakipwa, hufikiwa kwa miguu.