Hindorf: Mtu aliyeleta mkonge Tanga

Wakazi wa Korogwe na Handeni waliokulia kando ya mashamba ya mkonge wanalijua zao hilo kuliko jina la aliyelileta, Dk. Richard Hindorf.

Mtaalamu huyo wa kilimo, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1863, alikuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki aliposoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Mexico, chimbuko la zao hilo, ilizuia miche isitoke nje. Hata hivyo, maarifa yalikwisha kuchapishwa, na kila msomaji aliweza kuyatumia, kama zinavyotumiwa leo programu huria za kompyuta.

Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Mwaka 1893 ilifika Tanga 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea hadi Korogwe, ambako reli ilifika mwaka 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi iliongoza duniani kwa katani, kabla ya kamba za plastiki kuliangusha soko.

Maarifa yalikuwa ya wote. Faida haikuwa hivyo. Mashamba yalimilikiwa na walowezi na makampuni, huku manamba walioletwa kutoka mbali wakikata mkonge kwa ujira mdogo.

Hindorf alifariki dunia mwaka 1954. Mwaka 2008, huko Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge yaliyozoeleka kutupwa yalianza kuzalisha umeme.