Sultani Hasan na Kandili Zake

Leo nataka kuwasimulieni habari za Sultani Hasan wa Misri, mwana wa Sultani Nasir Muhammad. Wengi humjua kwa ule msikiti wake mkubwa ulio chini ya ngome ya Kairo. Mimi zilizonivuta kwake ni kandili zake.

Alitawazwa mwaka 1347, naye bado mtoto wa miaka 12 au 13. Mwaka uliofuata tauni ikaingia Kairo. Ibn Batuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita huko siku hizo. Watu walikufa hata mali nyingi zikakosa warithi, zikaingia hazina ya dola, na wanahistoria hudhani kwamba baadhi ya fedha hizo ndizo zilizoujenga msikiti. Wakubwa wa jeshi walimwondoa Hasan mwaka 1351, wakamrudisha 1354. Mwaka 1356 ujenzi ukaanza.

Kwa msikiti huo zilitengenezwa kandili za kioo zilizonakshiwa kwa enameli. Enameli nayo ni kioo, kama ule utando mweupe wa vikombe vya bati tunavyonywea chai. Fundi alisaga kioo cha rangi kikawa unga, akauchanganya na kitu cha kunata, akachora nakshi, kisha akaitia kandili motoni. Hapo ndipo penye kazi! Moto ukipungua, rangi haishiki. Ukizidi, kandili yenyewe hulegea ikaharibika umbo. Ndiyo maana unga ulitiwa madini ya risasi, upate kuyeyuka mbele ya kandili. Buluu nyingine ilitokana na jiwe la lazuardi, lililoletwa kutoka Afghanistan.

Shingoni mwa kandili za zama hizo mara nyingi iliandikwa Aya ya Nuru, na tumboni jina la sultani. Mara nyingi herufi za jina hazikupakwa buluu: fundi aliipaka pembeni, zenyewe akaziacha. Ndani mliwekwa maji, mafuta na utambi. Usiku nuru ilipita katika herufi. Mimi sijui pambo la msikiti lililofikiriwa vizuri kuliko hilo.

Mwaka 1361, kabla kazi haijamalizika, mnara mmoja ulianguka ukaua watu wapatao 300, wakiwamo watoto mayatima waliokuwa wakisomeshwa chini yake. Haukupita muda mrefu, Yalbugha, aliyekuwa mtumwa wake Hasan na kupandishwa cheo naye, akamwasi na kumwua. Marehemu hakuwa ametimiza miaka 30. Maiti yake haikuonekana tena, na kuba aliyojitayarishia hakuzikwa ndani yake.

Ufundi wenyewe ulififia huko Misri na Sham katika karne iliyofuata. Mfaransa mmoja, Brocard, aliufufua Paris kwa kuzichunguza kandili kongwe, akaonyesha kazi zake katika maonyesho ya mwaka 1867. Kandili nyingi za Sultani Hasan zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, Kairo, na jina lake lingali linasomeka.