Thomas Midgley: Fundi aliyeinyamazisha injini kwa sumu

Anayepakia gari dogo la petroli mpaka likae chini, kisha akaanza kupanda mlima, anaijua sauti ile. Injini inagonga kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, nguvu zinapungua, na dereva analazimika kurudisha gia. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, sauti hiyo ilimpa kazi kijana mmoja wa Marekani. Jinsi alivyoitatua ilikuja kuwagusa watu wa kila nchi yenye barabara, zikiwemo za kwetu.

Thomas Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 katika mji wa Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, na kukulia Columbus, Ohio. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka 1911. Kemia, iliyompa jina duniani, hakuisomea shahada, alijifunza kazini. Mwaka 1916 aliajiriwa mjini Dayton katika maabara ya Charles Kettering, mvumbuzi mashuhuri wa vifaa vya umeme vya magari. Baadaye maabara hiyo ilimezwa na kampuni ya General Motors.

Kettering alimkabidhi swali moja: kwa nini injini inagonga? Midgley aligundua kuwa kosa halikuwa la plagi wala la moto wake, kama wengi walivyodhani. Ndani ya silinda, plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, na moto hutakiwa kusambaa kwa utaratibu ukisukuma pistoni. Petroli dhaifu haivumilii mgandamizo. Sehemu ambayo moto haujaifikia hujilipukia yenyewe, na pigo hilo ndilo linalosikika. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa zito kibiashara. Injini yenye mgandamizo mkubwa hutoa nguvu nyingi kwa mafuta machache, lakini hakuna aliyeweza kuitengeneza iwapo petroli ya sokoni ingeigonga mpaka ivunjike.

Alianza kutafuta cha kuongeza kwenye petroli. Kwa kudhani kwamba mafuta mekundu yangenyonya joto vizuri zaidi, alitia aidini, na kugonga kukakoma. Alipojaribu rangi nyingine nyekundu, hakupata kitu. Akajua rangi haikuwa na kazi. Aidini yenyewe ilikuwa ghali na ilikula vyuma. Akajaribu anilini, kisha seleniamu na teluriamu, ambazo harufu yake iliwaganda watafiti mwilini hata wakaogopwa na watu.

Katika safari hiyo aliikuta pia ethanoli, yaani ile alkoholi inayotengenezwa kwa miwa, mahindi au viazi. Ilifanya kazi vizuri. Mwaka 1920 aliomba hataza ya mafuta yenye mchanganyiko wa alkoholi, na mwaka 1921 alipeleka kwenye mkutano wa wahandisi mjini Indianapolis gari lililotumia petroli yenye alkoholi asilimia 30. Injini haikugonga.

Tarehe 9 Desemba 1921, yeye na wenzake walijaribu tetraethili ya risasi. Risasi hapa ni ile metali nzito, si ya bunduki. Sehemu moja tu ndani ya sehemu zaidi ya elfu moja za petroli ilitosha kuituliza injini kabisa. Mfanyabiashara yeyote anaweza kuona hesabu iliyofuata. Ethanoli ingechukua sehemu kubwa ya tangi, ikipunguza mauzo ya petroli yenyewe, na mkulima yeyote mwenye mtambo angeweza kuitengeneza. Risasi ilihitajika kidogo, ilikuwa rahisi, na hataza yake ingemilikiwa na kampuni. Risasi ikashinda.

Mafuta hayo yaliuzwa kwa mara ya kwanza Dayton, Februari 1923, kwa jina la Ethyl, na neno risasi likaachwa nje ya jina. Tarehe 30 Mei mwaka huo, magari yaliyoshika nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya maili 500 ya Indianapolis yaliyatumia. Hakuna tangazo lingeweza kushinda hilo. Kila mwenye gari la kasi aliyataka.

Lakini sumu ya risasi ilijulikana tangu zama za kale, na Midgley mwenyewe alikuwa ameshaionja. Mapema mwaka huohuo wa 1923 alilazimika kwenda Florida kupumzika ili mapafu na mwili wake vipone. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakitengeneza kiongezeo hicho walirukwa na akili na kufa, na wenzao makumi wakalazwa. Midgley, akiwa makamu wa rais wa kampuni mpya ya Ethyl, aliwaita waandishi wa habari. Mbele yao alinawa mikono kwa kimiminika hicho na kukinusa kwa muda wa dakika nzima, ili kuonyesha kuwa hakina madhara. Alijua anachokificha.

Mwaka 1925 mauzo yalisimamishwa, na serikali ikaunda kamati ya wataalamu. Mwaka 1926 kamati ilisema haijaona sababu ya kupiga marufuku, ingawa ilitaka uchunguzi uendelee. Mauzo yakarudi, na uchunguzi wa maana haukufanyika kwa miongo kadhaa. Mwaka huo wa 1926 ndipo kipimo cha okteni kilipobuniwa, na kampuni zikapata namba ya kutangazia ubora.

Midgley hakuishia hapo. Kuelekea mwaka 1930 aliongoza utengenezaji wa gesi ya kupoozea majokofu iliyoitwa Freon, ambayo miaka mingi baada ya kifo chake ilibainika kuharibu tabaka la ozoni. Alipewa nishani za juu kabisa za kemia nchini mwake. Mwaka 1940 polio ilimlemaza miguu. Akiwa fundi hadi mwisho, alibuni mtambo wa kamba na kapi wa kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizohizo nyumbani kwake Worthington, Ohio. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Risasi yake iliendelea kutoka kwenye mabomba ya moshi. Iliingia katika damu ya watoto wa mijini na kudhoofisha akili zao. Huku kwetu tuliivuta vilevile, katika kila stendi na kila foleni ya mpakani. Juni 2001 nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara zilikutana Dakar na kuazimia kuiondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimefanya hivyo. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiacha kwa magari, Julai 2021. Tangu pampu ile ya Dayton, ilikuwa miaka 98.

Ethanoli nayo imerudi. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa katika petroli tangu mwaka 1982, na Mtanzania anayejaza tangi akishavuka Songwe hukutana nayo. Gari la kisasa huvumilia asilimia 10 bila shida. Wenye injini za mashindano, boti za ziwani, misumeno ya injini au jenereta zinazokaa miezi bila kuwashwa wana sababu ya kuikwepa. Ethanoli hunyonya maji. Yakizidi, hujitenga nayo na kuzama chini ya tangi, na petroli inayobaki juu hupungukiwa na okteni. Huharibu pia mipira ya kabureta za zamani, na kwa ujazo ule ule ina nishati pungufu kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na petroli.

Hata hivyo, okteni haitoki hewani. Namba ya okteni hupima jambo moja tu: jinsi mafuta yanavyovumilia mgandamizo bila kugonga. Haisemi usafi, wala haiongezi nguvu katika injini isiyohitaji. Gari lenye kitabu kinachotaka okteni ya kawaida hupoteza pesa kwa ya juu. Petroli isiyo na ethanoli wala risasi huipata namba hiyo ama kwa usafishaji bora kiwandani, ambao ndio gharama halali unayolipia, ama kwa viongezeo. Vile vyenye chuma au manganizi huacha masizi mekundu kwenye plagi. Na petroli ya dumu iliyotiwa mafuta ya taa hushusha okteni, hata muuzaji akiapa.

Kwa hiyo anayeuziwa mafuta ya bei kubwa kwa sababu ya namba ana haki ya swali ambalo wanunuzi wa mwaka 1923 hawakuuliza: namba hii imefikiwa kwa kutia nini? Asiye na jibu asikuuzie. Midgley alikuwa na njia mbili mezani, na zote mbili zilinyamazisha injini. Alichagua iliyokuwa rahisi kwa muuzaji, na gharama wakailipa waliovuta moshi.